SOMO LA 14: BARUA RASMI KWA UBALOZI

Kufikia mwisho wa somo hili uweze:
(a) kutofautisha kazi ya ubalozi wa nchi unayokwenda na kazi ya ubalozi wa nchi yako;
(b) kueleza mambo ambayo ubalozi unaweza na hauwezi kumfanyia raia;
(c) kuandika barua rasmi kwa ubalozi yenye ombi linalotekelezeka.

Muundo wa barua rasmi umekwisha kuusoma katika somo lililotangulia. Katika barua kwa ubalozi, anwani mbili, tarehe na kichwa cha habari vinaweza kukaa mahali pake, na bado barua ikakosa thamani kwa sababu imepelekwa ofisi isiyohusika au imeomba jambo ambalo ofisi hiyo haina mamlaka nalo. Katika mtihani kosa hilo hukupunguzia alama za maudhui. Ukiwa ugenini, linaweza kukupotezea muda usio nao.

1. MANENO YA KUZINGATIA

Balozi ni mtu anayeiwakilisha nchi yake katika nchi nyingine. Wingi wake ni mabalozi. Ubalozi ni ofisi yake. Wingi wake ni balozi. Kwa hiyo sentensi "Balozi wetu amewasili" inamtaja mtu, na "Balozi zetu zimefungwa leo" inataja ofisi. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotofautisha maana.

Pasipoti hutolewa na nchi yako ili kukutambulisha kuwa raia wake. Viza hutolewa na nchi unayokwenda, nayo ni kibali cha kuomba kuingia humo. Hata ukiwa na viza, afisa wa mpakani anaweza kukuhoji, na anaweza kukuzuia usiingie.

Huduma za kikonseli ni huduma ambazo ubalozi huwapa watu binafsi, hasa raia wa nchi yake walio ugenini. Msingi wake ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli.

Angalizo: Usiandike kwamba eneo la ubalozi ni ardhi ya nchi ya kigeni. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia unakataza maofisa wa nchi mwenyeji kuingia katika majengo ya ubalozi bila idhini ya mkuu wake. Hata hivyo, ardhi yenyewe inabaki kuwa ya nchi mwenyeji.

2. BALOZI MBILI, KAZI MBILI

Tuchukue safari ya Mtanzania kwenda Ujerumani. Ubalozi wa Ujerumani uko Dar es Salaam, na ubalozi wa Tanzania uko Berlin. Kabla ya safari unashughulika na ule wa Dar es Salaam, kwa sababu Ujerumani ndiyo yenye mamlaka ya kukuruhusu kuingia kwake. Ukipata matatizo baada ya kufika, unashughulika na ule wa Berlin, kwa sababu Tanzania ndiyo yenye wajibu kwako kama raia wake. Kumwandikia balozi wa Tanzania aliyeko Berlin akupe viza ya Ujerumani ni kubisha hodi nyumba isiyo yenyewe.

(i) Kuomba viza

Ujerumani ni miongoni mwa nchi 29 za eneo la Schengen. Viza ya muda mfupi ya eneo hilo humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Mwanafunzi anayekwenda kusoma kwa muda mrefu zaidi huomba viza ya kitaifa ya nchi husika.

Kwa viza ya muda mfupi, zingatia haya:

- Ukitembelea nchi zaidi ya moja, peleka maombi katika ubalozi wa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari au utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikiwa sawa, omba kwa nchi utakayoingia kwanza.
- Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla ya kuondoka.
- Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uendelee angalau miezi 3 baada ya siku utakayoondoka katika eneo hilo.
- Bima ya safari igharimie matibabu ya angalau euro 30,000.
- Kuanzia Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90. Hairudishwi maombi yakikataliwa.

Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na huweza kufika siku 45. Ukikataliwa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kukata rufaa. Usikubali kamwe mtu akutengenezee barua ya benki au ya mwajiri ya uongo. Ikigundulika, maombi hukataliwa, na kumbukumbu hiyo hukufuata katika maombi mengine.

(ii) Kuomba msaada wa kikonseli

Ubalozi wa nchi yako unaweza kukupa hati ya dharura ya kusafiria pasipoti ikipotea, kuwasiliana na familia yako, kukusaidia kupata wakili, kukutembelea ukiwa kizuizini, na kuisaidia familia kufuata taratibu raia anapofariki ugenini.

Ubalozi hauwezi kuiamuru mahakama ya nchi mwenyeji, kukutoa gerezani, wala kukukinga usifuate sheria za huko. Pia haulazimiki kukulipia madeni au kukutafutia kazi.

Haki moja uikariri. Kwa Ibara ya 36 ya Mkataba wa mwaka 1963, mgeni anayekamatwa lazima aelezwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wa nchi yake uarifiwe. Akiomba, wenye mamlaka lazima waufahamishe. Kumbuka neno "akiomba". Ukinyamaza, ubalozi wako huenda usijue kama umekamatwa. Sema wazi: "Naomba ubalozi wa nchi yangu uarifiwe."

Mfano wa uzito wa haki hiyo ni shauri la ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, raia wa Ujerumani waliohukumiwa kifo nchini Marekani katika jimbo la Arizona. Hawakuelezwa haki hiyo walipokamatwa mwaka 1982, na maofisa wa Ujerumani hawakupata habari zao hadi mwaka 1992. Ndugu hao waliuawa kwa amri ya mahakama ya huko mwaka 1999, yaani adhabu yao ilitekelezwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, ilitamka kwamba Marekani ilikiuka wajibu wake. Hukumu ilikuja wakati wahusika hawapo tena.

3. SWALI LA MFANO

Wewe ni mwanafunzi Mtanzania huko Leipzig, Ujerumani. Umeibiwa pasipoti siku chache kabla ya kurudi nyumbani. Mwandikie balozi wa Tanzania nchini humo barua ya kuomba msaada. Jina lako liwe Neema Tumaini.

JIBU

Bweni la Wanafunzi,
Leipzig,
UJERUMANI.

3 Juni 2025.

Mheshimiwa Balozi,
Ubalozi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Berlin,
UJERUMANI.

Mheshimiwa,

YAH: MAOMBI YA HATI YA DHARURA YA KUSAFIRIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia wa Tanzania na mwanafunzi hapa Leipzig. Tarehe 1 Juni 2025 niliibiwa mkoba wangu ndani ya treni, ukiwa na pasipoti yangu. Nilitoa taarifa polisi siku hiyohiyo.

Ninatarajia kusafiri kwenda Dar es Salaam tarehe 16 Juni 2025. Kwa kuwa muda uliobaki ni mfupi, ninaomba nipatiwe hati ya dharura ya kusafiria. Ninaomba pia kuelekezwa siku ya kufika ubalozini na ada ninayopaswa kulipa.

Nimeambatanisha taarifa ya polisi, nakala ya pasipoti iliyoibiwa, nakala ya tiketi na picha mbili.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
(saini)
Neema Tumaini.

UCHAMBUZI WA JIBU

Aya ya kwanza ya kiini inathibitisha uraia na kueleza tukio kwa tarehe. Aya ya pili ina ombi moja kuu lililo ndani ya uwezo wa ubalozi. Mwandishi hakuandika "naomba mnisaidie kwa lolote", kwa sababu afisa hawezi kutekeleza "lolote". Vielelezo vinampa afisa pa kuanzia. Ile nakala ya pasipoti ilipatikana kwa sababu ilihifadhiwa mbali na pasipoti yenyewe. Nawe ukisafiri siku moja, fanya hivyo.

4. ZOEZI

1. Tunga sentensi mbili kuonesha tofauti ya maneno "mabalozi" na "balozi" (wingi wa ubalozi).
2. Mjomba wako atakaa Ubelgiji siku 4, kisha Ufaransa siku 6, kwa matembezi. Aombe viza kwa nchi gani? Toa sababu.
3. Sahihisha ombi hili: "Naomba ubalozi uiamuru mahakama imwachie kaka yangu."
4. Mwandikie balozi wa Ujerumani aliyeko Dar es Salaam barua ya kuuliza utaratibu wa viza ya masomo.

Dokezo: Swali la 2, Ufaransa, kwa kuwa atakaa huko siku nyingi zaidi. Swali la 3, omba kaka atembelewe kizuizini na asaidiwe kupata wakili.