Ufahamu: Roboti ya Kumnunulia Mtoto

Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali. (Alama 15)

Mwaka wa 1998 roboti ya kuchezea yenye manyoya, Furby, iliingia madukani Marekani. Ilianza kwa kusema lugha yake yenyewe, kisha maneno ya Kiingereza yakawa yanaongezeka siku baada ya siku. Wengi waliamini kwamba ilikuwa ikimsikiliza mtoto na kuiga maneno yake. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, likaipiga marufuku ofisini mwake kwa kuchelea kwamba ingenasa siri. Kumbe Furby haikuwa na uwezo wa kurekodi chochote. Maneno yote ilitiwa kiwandani. Yalikuwa yakifunguliwa kidogo kidogo tu.

Hofu hiyo ilichekwa sana. Kicheko kilikatika mwezi wa Februari 2017, pale Ujerumani ilipomharamisha mwanasesere aliyeitwa Cayla. Huyu alikuwa na maikrofoni na aliunganishwa na intaneti kupitia simu. Kasoro yake ni kwamba mtu baki aliyekuwa karibu angeweza kujiunganisha naye kwa simu yake, akamsikiliza mtoto na hata kumsemesha. Wazazi waliokuwa naye waliagizwa wamharibu. Kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kumuuliza mwenye duka: sauti ya mwanangu itakwenda wapi?

Bei kubwa haimwondolei mzazi wasiwasi. Roboti iitwayo Moxie iliuzwa Marekani kwa takriban dola 800. Iliundwa iwe rafiki wa mtoto: imsikilize, imjibu, imfundishe kutaja hisia zake. Hata hivyo, akili yake haikuwa ndani ya kiwiliwili chake bali katika seva za mbali. Desemba 2024 kampuni iliyoiunda, Embodied, ilitangaza kwamba fedha zimeisha na huduma itakoma. Wazazi wakabaki na kibarua cha kumweleza mtoto kwa nini rafiki yake atanyamaza.

Ningeombwa ushauri, ningemchagua Bee-Bot, roboti yenye umbo la nyuki inayotumiwa katika shule za watoto wadogo Uingereza. Hana mazungumzo. Mgongoni ana vibonyezo vya mbele, nyuma, kushoto na kulia, na kila hatua yake ni sentimita 15. Mtoto hukadiria safari ya kufika mlangoni, akabonyeza hatua zote kwa mpangilio, kisha akamwachilia. Nyuki akigonga mguu wa meza, mtoto hurudi nyuma kutafuta hatua aliyoikosea yeye mwenyewe. Hapa anayefikiri ni mtoto.

Vyovyote utakavyochagua, igeuze roboti uitazame tumboni kabla ya kulipa. Kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu. Betri bapa iliyo mithili ya sarafu, mtoto akiimeza na ikakwama, yaweza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu. Akiimeza, akimbizwe hospitalini papo hapo, hata kama halii.

MASWALI

1. Eleza kwa nini hofu ya NSA kuhusu Furby haikuwa na msingi. (alama 2)
2. Linganisha Furby na Cayla kwa kurejelea uwezo wa kunasa sauti. (alama 3)
3. "Hapa anayefikiri ni mtoto." Thibitisha kauli hii. (alama 3)
4. Mwandishi ana mtazamo gani kuhusu roboti zinazozungumza? Toa ushahidi. (alama 3)
5. Masaibu ya Moxie yanamfunza nini mnunuzi anayeamini bei? (alama 2)
6. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa katika taarifa: (alama 2)
(a) ingenasa
(b) umio

KIDOKEZO

Swali la 2 huwaponza watahiniwa wengi. Mtahiniwa huandika habari zote za Furby, akashuka mstari, akaandika zote za Cayla. Huko ni kusimulia mara mbili. Tumia viunganishi kama vile "ilhali" na "kinyume na" ili mawili hayo yakutane katika sentensi moja. Katika swali la 4, usitafute neno "sipendi", halimo. Mtazamo wa mwandishi umo katika yale anayoyasifu na yale anayoyatilia shaka.