Hedhi Kupotea Miezi Mitatu: Si Kila Mara ni Jini Mahaba

Hapa Tabora, na katika miji ya njia ya zamani ya misafara hadi Ujiji, binti akikosa hedhi miezi mitatu na kuota ndevu kidevuni, husemwa ana jini mahaba. Anaandikiwa kombe. Akichelewa kushika mimba, mumewe anashauriwa aongeze mke. Kisomo sikikatazi, nami nimelelewa madrasa. Lakini asomewe huku akipimwa.

Mara nyingi chanzo ni hitilafu ya homoni ambayo madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliieleza mwaka 1935. Insulini ni homoni itokayo kwenye kongosho, kazi yake kuingiza sukari katika chembe za mwili. Mwili ukiwa mgumu kuipokea, kongosho huitoa kwa wingi zaidi, na wingi huo huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Hapo ndipo chunusi na ndevu hutokea. Mayai nayo hukwama bila kukomaa. Vijifuko vinavyoonekana kwenye ultrasaundi ndivyo hivyo, si uvimbe wa kukatwa.

Wengi hulitazama jambo hili kwa ajili ya mtoto tu. La hasha! Hata asiyetaka mtoto yumo hatarini kupata kisukari, na ukuta wa mji wa mimba usiposafishwa na hedhi kwa muda mrefu hunenepa, ukaweza kuzaa saratani. Nenda hospitali, kama Kitete, upimwe kwanza mimba, kisha sukari, presha na homoni za tezi la shingo. Zipo dawa za kurudisha hedhi na za kukomaza yai. Mwenye uzito mkubwa, mwenye kilo 80 kwa mfano, akipunguza kilo 4 tu huweza kuona hedhi ikirejea. Asali yetu ya Tabora ina shifaa, naam, lakini nayo ni sukari. Usiinywe kwa vikombe.

Damu ikirudi huweza kutoka wiki tatu mfululizo, na nimeona akina dada wakiacha swala muda wote huo. Kwa madhehebu ya Shafi hedhi haizidi siku 15. Ikizidi, imeingia istihadha: mwulize sheikh namna ya kuhesabu siku zako za ada, kisha uoge, ujifunge vizuri, utawadhe kila wakati wa swala unapoingia, uswali na ufunge. Na damu ya namna hiyo ilete hospitali siku hiyo hiyo ukihisi kizunguzungu.