MAGONGO NYUMBANI: SOMO KWA MGONJWA NA KWA WATU WAKE



Kuna mambo ambayo mtu hayafikiri mpaka yamfike. Mojawapo ni kutembelea magongo. Akiwa mzima hupita mlangoni kwake mara nyingi kwa siku wala hajui kizingiti chake kina kimo gani. Huenda chooni usiku gizani kwa mazoea. Huchukua kikombe cha chai jikoni akaja nacho barazani, wala haoni kuwa hilo ni jambo. Siku avunjikapo mguu ndipo ajuapo kwamba nyumba yake ina vizingiti, ina giza, ina maji sakafuni, na kwamba mwenye magongo mawili hana mkono wa kuchukulia kikombe.

Mimi mwandishi wa somo hili limenifika. Niliteleza katika ngazi za nyumba yetu, nyumba ya mawe ya zamani katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambayo ngazi zake ni nyembamba na zimesimama kama ukuta. Mfupa wa kifundo cha mguu ukavunjika. Nikafungwa plasta, nikapewa magongo, nikaambiwa nisiukanyagie mguu ule kwa muda wa wiki sita. Magongo niliyapokea, lakini namna ya kuishi nayo sikuuliza.

Nilipofika nyumbani watu wangu walinipenda kwa mapenzi yaliyonidhuru. Maji nililetewa, chakula nililetewa, hata simu ililetwa sikioni. Kila nilipotaka kuinuka niliambiwa, "Baba, wewe lala tu." Nami nikalala, na kwa siku kumi sikujifunza kutembea na yale magongo ila hatua chache. Basi usiku mmoja nikashikwa na haja. Nikaona haya kumwamsha mke wangu, kwa kuwa alikuwa amechoka kwa kunihudumia mchana kutwa. Nikaenda peke yangu, gizani, kwa magongo nisiyoyazoea. Sakafu ya choo ilikuwa na maji, gongo likateleza, nami nikaanguka. Plasta ikapasuka, mfupa ukaondoka mahali pake, na ikabidi uungwe upya. Wiki zangu sita zikahesabiwa tena tangu ya kwanza.

Mke wangu hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Bwana, kuniamsha mimi na kuanguka, lipi lililokuwa jepesi?" Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sinalo.

Kwa hivyo naandika somo hili, si kwa kuwa mimi ni tabibu, bali kwa kuwa nimelipia ada yake. Na jambo ambalo nataka mlishike ni hili: magongo peke yake hayamwezeshi mtu. Kinachomwezesha ni magongo yaliyompima, nyumba iliyotengenezwa, na watu wanaojua lini wamsaidie na lini wamwache.

KWANZA: MAGONGO YENYEWE

Magongo ya kwapani yapimwe mtu akiwa amesimama wima, amevaa kiatu. Sehemu ya juu isiguse kwapa, bali ibaki chini yake kiasi cha vidole viwili au vitatu. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono mkono unapoachwa kuning'inia, ili atakapokishika kiwiko kipinde kidogo. Na uzito wa mwili uchukuliwe na viganja vya mikono, usichukuliwe na makwapa. Watu wengi hujitundika juu ya magongo kama nguo juu ya kamba, na jambo hilo lina madhara, kwani chini ya kwapa hupita mishipa ya fahamu, na ikibanwa siku nyingi mkono huingia ganzi na kulegea.

Tena zitazame ncha zake kila siku. Kile kifuniko cha mpira kikilika na kuwa laini, kibadilishwe, wala kisingojewe kesho. Mpira uliolika juu ya sakafu ya saruji yenye maji haushiki chochote.

PILI: NJIA ZA NYUMBANI

Kabla mgonjwa hajarejea kutoka hospitali, mtu mmoja katika nyumba na ashike magongo, au hata fimbo mbili, apite kila atakapopita mgonjwa: kutoka kitandani hadi chooni, kutoka chooni hadi mahali pa kulia, na kutoka hapo hadi mlangoni. Atayaona mambo ambayo macho ya mtu mzima hayayaoni. Mabusati na mikeka iliyolegea iondolewe, kwani gongo huingia chini ya ukingo wake. Nyaya za umeme zisikatishe njia. Viatu vya watoto visiachwe mlangoni. Kizingiti kilicho kirefu kipakwe chokaa au kibandikwe kitambaa cheupe ili kionekane. Na taa ndogo iwake usiku kucha katika njia ya choo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya plasta ya pili.

Mgonjwa naye asivae kanzu wala shuka inayoburura chini. Avae iliyo juu ya kifundo, na katika ule mguu mzima avae kiatu kinachoshika, si ndara.

Kitanda kikiwa cha chini sana, kuinuka kwake ni taabu. Kiinuliwe, au mgonjwa ahamishiwe kingine. Kiti chake kiwe kigumu, chenye mikono, kisichorudi nyuma. Anapotaka kukaa, arudi kinyumenyume mpaka asikie kiti kimegusa miguu yake, ayatie magongo yote mawili katika mkono mmoja, aunyooshe mguu mgonjwa mbele, kisha ashike mkono wa kiti na kushuka polepole.

TATU: NGAZI

Ikiwa nyumba ni ya ghorofa na pana chumba chini, alale chini, hata kama chumba hicho ni cha wageni. Wageni watasubiri. Ikiwa hapana budi ya kupanda, basi kanuni yake ni fupi, na watoto wa nyumba waihifadhi wamkumbushe: mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Katika kupanda, aweke mguu mzima juu ya daraja, ajiinue, kisha auvute mgonjwa pamoja na magongo. Katika kushuka, magongo yashuke kwanza pamoja na mguu mgonjwa, kisha mguu mzima ufuate. Anayemsaidia daima asimame upande wa chini: nyuma yake anapopanda, na mbele yake anaposhuka.

Na kwa ngazi kama hizi zetu za kale, zisizo na pa kushika, iko njia iliyo salama zaidi: akae kitako juu ya daraja, mgongo ukielekea juu, na ajisukume kwa mikono na mguu mzima daraja moja baada ya moja, na mtu mwingine amchukulie magongo. Mimi niliambiwa njia hii mapema nikaikataa, nikisema kuwa haimpasi mtu wa umri wangu kupanda kama mtoto anayetambaa. Baada ya kuanguka mara ya pili niliipanda hivyo wiki sita, na heshima yangu haikupungua kitu.

NNE: CHOO NA MAJI

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko mahali pote katika nyumba. Choo cha kuchutama hakimwezekani mtu mwenye plasta. Atengenezewe kiti chenye tundu, kilicho imara, kiwekwe juu ya choo kile. Fundi seremala yeyote aweza kukifanya. Ukutani pakazwe chuma cha kushikia kwa skrubu madhubuti, wala asishike bomba la maji wala mlango. Birika la maji liwe juu ya kibao, karibu na mkono. Kila mtu anayetoka chooni apanguse maji sakafuni kabla ya kuondoka. Hii iwe ndiyo sheria ya nyumba, kwa mkubwa na mdogo.

Kuoga ni kwa kukaa juu ya kiti, ndoo mbele yake na kopo mkononi. Plasta itiwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa juu yake, na mguu huo unyooshwe mbali na maji, kwani plasta ikirowa hulegea na ngozi iliyo chini huoza.

TANO: JIKONI NA KAZI YA MIKONO

Wagonjwa si wanaume peke yao. Mama wa nyumba akivunjika mguu, aghlabu hutazamiwa siku ya tatu arejee jikoni, wala hapana anayefikiri atasimamaje mbele ya moto. Huu si uadilifu. Waliomo nyumbani wazichukue kazi nzito: kuteka maji, kupakua sufuria, kuwasha makaa. Lakini kama mwenyewe anapenda kupika, asinyang'anywe mwiko. Apewe kiti kirefu penye meza, na vitu vyake vya kila siku viteremshwe kutoka kabati za juu viwekwe kimo cha kiuno. Kukata vitunguu, kukuna nazi juu ya meza kwa kikunio, kupeta mchele, yote hayo hufanyika kwa kukaa. Ila asichukue kitu cha moto hali anatembea na magongo, hata kama ni kikombe.

Na vitu vingine atavichukuaje? Binti yangu mdogo ndiye aliyenifumbulia. Alishona mfuko wa kitambaa cha leso, wenye ukanda mrefu, akanivika begani. Ndani yake nikitia simu, miwani, kitabu, na chai ndani ya chupa iliyofungwa. Tangu siku ile sikuita mtu kuniletea kalamu.

SITA: TAHARA NA SWALA

Wengi huuliza habari ya udhu. Mwenye plasta isiyovuliwa huosha viungo vilivyo wazi, na juu ya plasta hupangusa kwa mkono wenye maji bila ya kuirowesha. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, huongeza na kutayamamu. Yaliyo zaidi ya hayo na amwulize mwalimu wake.

Ama swala, imo katika Sahihi ya Bukhari habari ya Imran bin Huswain, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (s.a.w.). Akaelekezwa aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Na asipoweza, kwa ubavu. Basi mwenye kuona kuwa swala yake juu ya kiti ni pungufu na ajue kuwa ruhusa hiyo ameitoa aliye mjuzi kuliko yeye. Na atandikiwe mswala mahali pasipoteleza, au auache kabisa.

SABA: DALILI ZA KUOGOPWA

Mgonjwa anapokaa au kulala, mguu uinuliwe juu ya mito ili uvimbe upungue. Vidole avichezeshe kila mara. Asitie kijiti ndani ya plasta kujikuna. Vidole vikiwa vya buluu au vyeupe, au vikiingia ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, arejeshwe hospitali saa ile ile, plasta imembana. Kadhalika muundi ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafula na kifua kuuma, asingojwe mpaka asubuhi, kwani huenda damu imeganda ndani ya mishipa. Na asiikate plasta mwenyewe, wala asiikatiwe na jirani kwa kuwa "imekwisha kupona."

NANE: HURUMA NA HAYA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Katika miaka ya 1850 Antonius Mathijsen, tabibu wa jeshi la Uholanzi, alieneza namna ya kufunga mvunjiko kwa vitambaa vyenye unga wa plasta, vinavyokauka kwa muda mfupi. Katika faida zake kubwa ni kuwa mgonjwa aliweza kuondoka kitandani hali mfupa wake umetulia. Basi plasta humtoa mtu kitandani, na sisi kwa huruma yetu twamrejesha. Mtu asiyeachwa kujifunza mchana ataanguka usiku. Huruma ya kweli ni kusimama karibu naye anapojaribu, si kumzuia asijaribu.

Na mgonjwa naye ana kosa lake, nalo ni haya isiyo mahali pake. Huona haya kuomba, huona haya kuonekana na magongo, akayatupa kabla ya wakati ili apite barazani kama watu. Hebu tumkumbuke Ata bin Abi Rabah, aliyeishi katika karne ya kwanza ya Hijra na mwanzo wa ya pili. Alikuwa mwenye kuchechemea, na alikuwa na vilema vingine pia. Naye ndiye aliyekuwa mufti wa Makka, watu wakimjia kutoka kila upande. Hawakumuuliza atembeaje. Walimuuliza ajuavyo.

Basi mwenye magongo aseme waziwazi, "Hili naliweza, na hili nisaidieni." Maneno haya mawili, lau ningeyasema usiku ule, yangenipunguzia majuma mengi ya maumivu.

MASWALI YA DARASA

1. Katika nyumba yako, ni mahali gani ambapo mtu mwenye magongo angeanguka kwanza? Patazame leo kabla ya kulala.
2. Ni mguu gani hutangulia katika kupanda ngazi, na ni upi katika kushuka? Anayesaidia husimama wapi?
3. Ni dalili gani zinazompasa mwenye plasta kurejea hospitali bila ya kukawia?
4. Kuna jirani yako aliyefungiwa ndani kwa sababu ya mguu? Ni kitu gani kimoja unachoweza kumtengenezea wiki hii: kiti, chuma cha ukutani, au taa?

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wasaidizi wenye akili pamoja na huruma. Amin.