Kwa Nini Mtende Una Dume na Jike?



Ndugu msomaji, kisa cha mitende ya Madina wengi wetu tumekisoma. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wakiichavusha mitende yao kwa mikono, akasema hadhani kama jambo hilo lina faida. Wakaliacha, na mazao yakaharibika. Alipopewa habari, alibainisha kuwa ile ilikuwa dhana yake tu, na kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Ameipokea Imam Muslim. Sisi wa masomo ya Kiislamu huchukua kanuni ya usuli iliyomo tukaenda zetu, na mtende tukauacha palepale. Hatuulizi kwa nini mti huo unahitaji mtu aupandie.

Maua mengi tunayoyaona, kama ya maharage, yana sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua moja. Mimea yenye miti dume na miti jike mbalimbali ni michache, takriban asilimia 6 ya spishi zote zinazotoa maua. Mtende ni mmojawapo. Dume hutoa chavua na hauzai tende. Jike huzaa, lakini upepo peke yake hauleti chavua ya kutosha, ndiyo maana mkulima hukata vishada vya maua ya dume na kuvipachika ndani ya karara za jike. Dume mmoja hutosha majike kadhaa.

Tofauti hiyo imo kwenye kromosomu. Kama kwa binadamu, jike ana XX na dume ana XY. Zilitokeaje? Mwaka 1978 Brian na Deborah Charlesworth walieleza njia ya hatua mbili. Kwanza, katika mimea yenye jinsi zote mbili, badiliko moja huua uwezo wa kutengeneza chavua, na baadhi ya mimea ikawa jike. Kisha badiliko la pili, katika mimea iliyobaki, huzuia sehemu ya kike, nayo ikawa dume. Baada ya hapo jeni hizo mbili lazima zirithiwe pamoja. Zikitenganishwa, hupatikana mmea wenye jinsi zote au usio na yoyote. Kwa hiyo kipande hicho cha Y huacha kubadilishana jeni na X, na hapo kromosomu za jinsi zimezaliwa.

Mwaka 2018 watafiti waliosoma DNA ya spishi zote 14 za jamii ya mtende walikuta hali inayolingana na maelezo hayo: jeni mbili za kutengeneza chavua zipo kwa madume tu, pamoja na ya tatu inayodhaniwa kuzuia sehemu ya kike. Na katika hizo 14 umo mkindu wetu, ule ambao ukindu wake umesukiwa mikeka mingi ya misikiti ya Afrika Mashariki. Mtende na mkindu zina alama zilezile za udume. Maana yake ni kwamba jinsi zilitengana kwa babu yao mmoja, kabla spishi hazijaachana. Mpapai nao una kromosomu zake za jinsi, ila ulizipata kwa njia yake, mbali kabisa na mtende.

Hapa nina neno na sisi tunaolingania chuoni. Husikika mtu akisema Qur'an imetaja kila mmea kuwa na mti dume na mti jike, kisha mwanafunzi wa biolojia anamuuliza kuhusu maharage, na mlinganiaji anakwama. Kosa si la aya. Neno zauj katika Kiarabu ni mwenzi katika jozi, na pia ni aina, na wafasiri wamelieleza kwa maana zote mbili. Tukiibana aya kwenye maana moja ili ionekane ya kisayansi, tunaibebesha tulichokitaka sisi.

Ukiipanda kokwa ya tende uliyofuturia, nusu kwa nusu itakuwa dume. Zamani ungesubiri miaka mitano au zaidi mpaka ichanue ndipo ujue, na ndiyo sababu wakulima hupanda machipukizi ya mti jike badala ya kokwa. Siku hizi kipande cha jani changa hupelekwa maabara, na hiyo Y huonekana.

Wallahu a'lam.