Kamati za idara chuoni

Swali: Idara ya chuo kikuu hupangaje kamati za wahadhiri wake, na uamuzi wa mwisho ni wa nani?

Jibu: Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama ilivyo katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, chombo kikuu cha idara ni kikao cha wanataaluma wote, chini ya mkuu wa idara. Kamati huzaliwa humo. Wajumbe huchanganywa: profesa mzoefu, wahadhiri wa kati na mhadhiri msaidizi anayejifunza kazi, ambaye mara nyingi ndiye huandika muhtasari.

Iliyo nzito kuliko zote ni ya mitihani. Maswali husomwa na wenzake mtungaji kabla ya kupigwa chapa, na baadaye mtahini wa nje hupitia sampuli za majibu. Siku ya matokeo, jedwali hupitiwa mstari kwa mstari. Mwenye 39 penye kiwango cha kufaulu cha 40 hurudiwa kuangaliwa, na ni haki yake, maana alama moja yaweza kumrudisha kwenye mtihani wa marudio.

Kamati ya uzamili hugawa wasimamizi wa tasnifu. Ya mitaala hupendekeza kozi, na programu mpya huhitaji pia ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Zipo nyingine ndogo, za utafiti na semina.

Kamati hupendekeza tu. Mapendekezo hupanda kutoka idara hadi bodi ya ndaki, kisha Seneti, ambayo ndiyo huidhinisha matokeo.