Sheria za Vileo na Lugha ya Umma: Mfano wa Kitengela

Mwaka 1980 Bunge la Kenya liliharamisha chang'aa. Kinywaji hicho kikaendelea kuuzwa vichochoroni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilibadili mkondo: iliruhusu chang'aa iliyotiwa katika chupa za kioo, lakini ikazuia baa kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Katiba ya mwaka huohuo ilizipa kaunti mamlaka ya leseni; ndiyo maana mwenye baa Kitengela huomba leseni katika Kaunti ya Kajiado.

Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Umma uliiita "Sheria ya Mututho", kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, John Mututho. Je, anayelijua jina pekee ataijuaje mipaka yake? Hapo Kiswahili kina wajibu.