Gauni la Mtumba Likukae Vizuri

Somo letu la leo ni la ushonaji, nalo linataka hesabu kidogo. Weka karibu sindano, uzi, chaki, pini, wembe na futi ya fundi, yaani ile kamba yenye namba za sentimita. Cherehani ikiwepo ni vizuri. Isipokuwepo, mkono unatosha.

Katika darasa letu moja la kisomo, wilaya ya Chamwino, alikuwapo mama mmoja aliyejua kusoma na kuhesabu barabara. Lakini akiitwa ubaoni, haji. Siku moja nilimsihi, akaja. Akaandika kwa mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto umeshika gauni shingoni. Ndipo nikafahamu. Gauni alilonunua mnadani lilikuwa pana, na kila akinyanyua mkono linateleza begani. Jioni ile tuliacha kitabu, tukafanya hesabu ya gauni lake.

Gauni la mtumba lilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine wa mbali. Usiiamini sana namba iliyoandikwa shingoni. Namba 12 ya Uingereza ni karibu sawa na namba 8 ya Marekani, sasa utashika ipi? Shika futi. Ukiwa mnada wa Msalato au mwingine wowote, tazama mabega kwanza. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Kiuno kikizidi, hata mwanafunzi wa kwanza atakipunguza; mabega yakizidi sana ni kazi ya fundi. Halafu geuza gauni, tazama ndani. Nguo nyingi za kiwandani huachiwa kitambaa kidogo sana kwenye mshono, pengine sentimita 1 tu. Kwa hiyo gauni la kubana haliongezeki kwa kufumua. Kati ya kubwa na dogo, nunua kubwa.

Ukifika nyumbani lifue, likauke, lipige pasi. Sasa twende kwenye hesabu.

Mama yetu alikuwa na kiuno cha sentimita 80. Gauni lake, tulipolipima kuzunguka kiunoni, lilikuwa na sentimita 100. Je, tupunguze 20? Hapana. Mtu anapumua, anakula, anainama kulima. Tulimwachia nafasi ya sentimita 8. Basi gauni linatakiwa liwe na 88, na kinachozidi ni 12.

Hapa ndipo wengi huharibu nguo, na mimi nimo. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipunguza gauni langu la pekee la sherehe. Lilizidi 12 vilevile. Nikasema mishono ya ubavuni ni miwili, basi 6 kulia na 6 kushoto. Nikashona, nikakata kwa mkasi. Likakataa kufunga! Nilisahau kwamba kila ubavu una kitambaa mara mbili, cha mbele na cha nyuma. Ukiingia ndani sentimita 6, umepunguza 12 upande mmoja. Pande mbili ni 24. Gauni lile likawa foronya.

Kwa hiyo kinachozidi gawa kwa 4. Kumi na mbili gawa kwa nne ni 3. Geuza gauni nje ndani, weka alama ya chaki sentimita 3 kutoka kwenye mshono, pale kiunoni. Chora mstari uanzie kwenye mshono wa zamani chini ya kwapa, uingie taratibu mpaka kwenye alama, kisha urudi taratibu mpaka kwenye mshono wa zamani juu ya nyonga. Mstari usiwe na kona. Kona moja tu, na gauni litavimba ubavuni kama mfuko wa karanga.

Usishone bado. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya mkono inayofumuka kwa urahisi, halafu vaa. Keti. Chutama. Nyanyua mikono kama uliyebeba ndoo kichwani. Likivuta mahali, fumua bandi pale, uachie kidogo. Ukiridhika, shona. Na usikate kile kilichobaki ndani. Mwili wa Februari, ghala likiwa linaelekea kwisha, si mwili wa Juni baada ya mavuno, na akina mama tunabeba mimba pia.

Shingo yake iliyoteleza tuliimaliza kwa mkunjo mmoja katikati ya mgongo: mpana juu, ukichongoka kwenda chini kama ncha ya mkuki. Tulikunja sentimita 2 kila upande, shingo ikapungua 4. Gauni lenye zipu mgongoni halifai kwa njia hii.

Ukiwa umekwisha kununua gauni linalobana, ongeza kipande cha kitenge kila ubavu, toka kwapani mpaka kwenye pindo. Hapa hesabu hubadilika, maana vipande ni viwili. Likipungua 12, kila kipande kionekane sentimita 6. Nawe ukate 9, ili upate 1 na nusu ya kushonea kila ukingo.

Kwenye mitumba hutokea hata nguo za kuogelea. Bahari kwetu hakuna, lakini wapo wanaozinunua kwa watoto wanaosoma Pwani. Kitambaa chake huvutika, na mshono ulionyooka hukatika kinapovutwa. Tumia mshono wa zigizaga, na usiache nafasi ya kupumua, kwani kitambaa chenyewe hutanuka.

Zoezi la kikundi: Gauni lina sentimita 112 kiunoni. Mwenye gauni ana kiuno cha 84, naye anataka nafasi ya 8. Mtaweka alama ya chaki sentimita ngapi kutoka kwenye mshono? Mkishapata jibu, kila mmoja apime gauni lake mwenyewe.